Wote ni Wetu

Kwa miaka ishirini na minane nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Kazi yangu ilikuwa kuandika yale ambayo watu wameapa kuwa ni kweli, na katika kuandika nilijifunza jambo moja: watu wengi hawadanganyi kwa sababu ni wabaya, wanadanganya kwa sababu wana haraka. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani sikujua nilichokuwa nikifanya.

Nilipostaafu nilirudi kwetu Mafinga, na kabla sijamaliza kupanga vyombo nikaombwa niwe katibu wa Msumeno FC. Ilikuwa timu ya vijana wa viwanda vya mbao, wapakiaji na wapasuaji, iliyoanzishwa miaka kumi na moja nyuma na kocha Marcelino, seremala wa vitanda na majeneza. Marcelino ni mtu wa maneno machache. Mwenyekiti wetu, Jailos, muuza mbao, alikuwa na maneno ya kuwatosha watu watatu, kwa hiyo kamati ilikuwa na uwiano. Nahodha alikuwa Aroni, mwanangu wa mwisho.

Aroni ana miaka ishirini na sita. Asubuhi anapakia mbao kwenye malori, jioni anacheza kiungo. Sisemi kwamba alikuwa bora kuliko wote, maana mimi ni mama yake na ushahidi wa mama haupokelewi. Nasema tu kwamba Marcelino, ambaye si baba yake, hakuwahi kumwacha nje kwa miaka saba.

Mwaka huu timu ilipanda daraja. Safari hii tuliingia ligi ya kulipwa, ambamo mchezaji anasaini mkataba na kupokea mshahara. Tulishangilia siku tatu. Siku ya nne ikaja barua ya shirikisho: mpaka Julai thelathini na moja tuwe na mfadhili mwenye uwezo na wachezaji ishirini wenye mikataba, la sivyo nafasi yetu apewe aliye chini yetu. Kwa wengine hiyo ilikuwa barua tu. Kwa Aroni ulikuwa mlango. Klabu za kulipwa hazihangaiki na mtu wa miaka ishirini na saba ambaye hajawahi kusaini popote, na mwaka ujao angekuwa na ishirini na saba. Nilijua hivyo, naye alijua, na hatukuwahi kulizungumza.

Tukaenda Mbeya kutafuta tajiri. Jailos alivaa koti aliloolea. Marcelino alivaa sweta. Mimi nilibeba faili lenye picha za timu, cheti cha usajili na barua ya mkuu wa wilaya, ambayo haikuombwa na mtu yeyote mpaka mwisho wa safari.

Kutafuta tajiri ni kazi ya kukaa kwenye mabenchi. Mwenye hoteli mmoja alitupokea siku ya pili, akasikiliza vizuri, kisha akataka timu iitwe jina la hoteli yake na ichezee Mbeya, na wachezaji wapishane na walinzi wake zamu za getini siku ambazo hakuna mechi. Mwenye vituo vya mafuta alitukaribisha chai na vitumbua. Alichangamka sana mpaka alipogundua kwamba mashabiki wetu wanapigia kura Mafinga, naye alikuwa anautaka udiwani wa huko kwao. Chai haikuongezwa. Wa tatu alisema yeye tayari ana timu yake Dar es Salaam, akimaanisha kwamba anaishangilia.

Mwanamke tuliyepanga kwake Uyole, Mama Violet, ndiye aliyetucheka. Alisema tumepita matajiri barabarani tukaja kutafuta walioko ofisini. Tukirudi tushuke tuingie Ubaruku, tumuulizie Mzee Bujiku.

Mzee Bujiku tulimkuta kwenye mashine yake ya kukobolea mpunga, nywele nyeupe kwa pumba. Ni Msukuma, baba yake alihamia bonde la Usangu na ng'ombe akitokea Maswa, yeye akiwa bado ananyonya. Ana mashine tatu, mashamba ya mpunga ambayo hatukuonyeshwa mwisho wake, na ng'ombe ambao hakuna mwenye adabu anayeuliza idadi yao. Jailos alianza hotuba. Mzee akamsikiliza mpaka ikamwishia mwenyewe, kisha akasema yeye mpira haujui, wanawe ndio wanaoujua. Ila wanawe wamezaliwa Usangu, wamesoma Usangu, na bado kwenye kila mkutano wanaitwa wageni. Timu haiulizwi kwao ni wapi, alisema. Timu inashangiliwa.

Hakutaka kuliona faili. Alisema atakuja Mafinga kuangalia kwa macho yake, Jumamosi ya pili ya Julai, kwa sababu hawezi kununua kitu cha maneno. Mimi aliniita mayu, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, na akatufungia mchele wa kwenda nao.

Sasa nieleze desturi ya kwetu, maana bila hiyo hakuna kesi. Huku mashindano ya mbuzi hayachezwi bila mamluki. Kijiji kikifika fainali kinaenda mjini kukodi wachezaji wanne au watano, kinawavika jezi, kinawapa majina ya ukoo wa pale, na jioni wanarudi kwao na nauli. Mwamuzi anajua. Diwani anayekabidhi mbuzi anajua. Hakuna anayeuita uongo. Ni maandalizi, kama unavyoazima viti vya kanisani ukipata msiba. Kwa hiyo Jailos aliposema kwenye kamati kwamba tuwachukue mamluki saba kutoka Mbeya, vijana ambao ligi yao ilikuwa imesimama na hawana kazi, hakuona kwamba anasema jambo kubwa. Nami sikuliona.

Marcelino peke yake alikataa. "Anakuja kuangalia timu," alisema. "Tumwonyeshe timu."

Jailos akajibu kwamba mgeni wa maana hapewi kande. Tukapiga kura, wawili kwa mmoja. Wa pili nilikuwa mimi. Nilijiambia kwamba tajiri akishapatikana, kila mtu atarudi mahali pake, na mwanangu atasaini mkataba wake kwa kalamu ya mzee. Nilikuwa na haraka.

Nilimwambia Aroni jioni akiwa anakula. Kati ya saba watakaokaa nje, na yeye yumo, kwa sababu Mbeya kulikuwa na kiungo aliyewahi kucheza ligi kuu. Aliacha kutafuna.

"Mechi moja tu?"

"Moja tu."

"Haya, mama. Timu kwanza," akasema, akamaliza ugali wake na kuosha sahani.

Siku ya mechi ukungu ulichelewa kuondoka. Wapinzani walikuwa vijana wa Mlandege, Iringa mjini, tuliowaalika kwa kuwa ni wazuri lakini si wazuri mno. Mamluki walishuka kwenye basi la asubuhi, wakapewa jezi, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: walikuwa wanatetemeka kwa baridi la Mafinga wakati vijana wetu wanne waliobaki wamevua masweta. Vinginevyo walicheza vizuri mno. Tuliongoza mabao manne kwa bila. Zilipobaki dakika ishirini, Marcelino, bila kumuuliza mtu, alimwinua Aroni benchi akamwingiza uwanjani. Jailos aligeuka kunitazama. Mimi nikatazama mipaini.

Mzee Bujiku alikaa kwenye kiti cha darasani, na koti la ngozi, pembeni yake shemeji yake Gideon akiwa na daftari. Hakupiga makofi hata mara moja. Muda mwingi alikuwa ameugeuzia mpira mgongo anatazama mashabiki, nikadhani amechoka.

Mechi ilipoisha, wale kumi na mmoja walioanza walipanga mstari kumsalimu mgeni. Aroni na wa akiba walikuwa upande wa pili wanakusanya bendera za kona. Mzee alishika mkono wa kila mmoja, akauliza jina, Gideon akaandika. Alipofika mwisho wa mstari hakumgeukia mwenyekiti wala kocha. Alinigeukia mimi.

"Mayu, hawa vijana kumi na mmoja, wote ni wenu?"

Mahakamani nilikuwa najua jibu kabla shahidi hajafungua mdomo. Anayesema kweli hukunja uso kidogo, anakumbuka. Anayedanganya hujibu upesi.

"Wote ni wetu, mzee," nilijibu upesi.

Akamwashiria Gideon asogee karibu, akaliuliza swali lile lile kwa maneno yale yale, taratibu. Nikarudia kwamba wote ni wetu. Nyuma yangu nikasikia Marcelino akiutua mfuko wa mipira na kuondoka. Mzee alisema vizuri, tukaenda kula, naye akampenda kuku wetu.

Tuliitwa Mbeya tarehe ishirini na nane, ofisini kwa wakili. Jailos na mimi tu. Marcelino alituma salamu kwamba ana jeneza la kumalizia. Wakili alikuwa kijana mwenye sauti ya kusomea, akasoma mkataba wote. Mfadhili anagharamia timu kwa miaka mitatu. Kambi itakuwa Mbeya. Kocha ataletwa na mfadhili. Wachezaji ni ishirini: kumi na mmoja waliotambulishwa na klabu mbele ya mashahidi, ambao majina yao yameambatanishwa, na tisa ambao kocha mpya atawachagua katika vijana wasiozidi miaka ishirini na moja. Nikafungua kiambatanisho. Wanne walikuwa wetu. Saba nilikuwa nawajua kwa namba za mgongoni.

Niliomba kuzungumza na mzee nje. Tulisimama kwenye korido, karibu na ndoo ya mfagiaji.

"Mzee, wale kumi na mmoja si wetu wote," nilisema. "Wetu ni wanne. Saba tuliwaazima."

"Najua, mayu."

Alijua kabla ya mapumziko. Alinieleza bila kupandisha sauti, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Alikuwa amewasikiliza mashabiki wetu. Wale wanne walitukanwa mechi nzima kwa majina yao, kwa majina ya utani, kwa mapishi ya wake zao. Mmoja alikosea pasi akaulizwa na mama mmoja usiku alilala kwa nani. Wale saba hakuna aliyewasema. Mmoja alikosa goli tupu na uwanja ukanyamaza kwa heshima. Hakuna mtu anayemkemea ng'ombe wa mwenzake, alisema.

Wala hilo halikumchukiza. Kwao mtu hafugi ng'ombe wake wote zizi moja. Anawatawanya kwa shemeji, kwa rafiki, ili ugonjwa au wezi wasimmalize kwa siku moja. Kwa hiyo kila zizi lina ng'ombe wa watu, na si aibu. Lakini ukitaka kuchukua katika zizi hilo unamuuliza mwenyewe mbele ya shahidi, mara mbili. Mara ya kwanza anaweza kuteleza. Jibu la pili ndilo mali yake, na akisema wote ni wake, basi anawajibika kwa wote.

"Ungesema wanne, ningechukua wanne, nikawalea na wale mliowakalisha nje. Ndama nilikuwa nawataka mimi. Wewe ukasema wote." Alimpisha mfagiaji. "Nikaja huku Mbeya nikawatafuta wale saba. Nikawaambia mmekuwa wa Msumeno, nikawapa mkono. Mmoja ameshaacha kazi ya bodaboda. Sasa nivunje neno langu kwao ili nitengeneze la kwako?"

Nilimwambia kwamba mmoja wa wale tuliowakalisha nje ni mwanangu.

Hapo ndipo nilipoona mzee anashangaa, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Nilikuuliza wenu ni nani, mayu, na mwanao hukumtaja," alisema.

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningepata cha kujibu. Niliona aibu, aibu ya kweli, ambayo nilikuwa nimezoea kuiona kwenye nyuso za watu wengine nikiwa nyuma ya meza.

Ningeweza kukataa kusaini. Zilibaki siku tatu, na tajiri mwingine hakuwepo. Timu ya miaka kumi na moja ingekufa, na wale wanne wangerudi viwandani pamoja na wenzao. Nilirudi ndani nikasaini kwenye mstari wa katibu, sahihi nzuri, iliyonyooka. Jailos alisaini chini yangu, akauliza kama tunaweza kupiga picha.

Nyumbani nilimwambia Aroni kwamba mzee amechukua wale aliowaona siku ile, na nafasi zilizobaki ni za watoto. Kila neno lilikuwa la kweli. Hakimu yeyote angelipokea. Aroni aliuliza kama jina la timu limebaki, nikasema limebaki. Akasema basi si haba, akaenda kulala.

Ligi ikaanza. Msumeno walishinda mchezo wa kwanza kule Mbeya na Jailos akatutumia picha kwa simu. Alikuwa amekaa jukwaani na koti lake. Marcelino alirudi kwenye randa na misumari yake, na nikipita kibandani kwake tunasalimiana kamwene, kamwene, basi. Aroni aliendelea kupakia mbao. Ila kila jioni, na Jumapili mchana, alichukua mpira akaenda peke yake uwanjani kwenye shule. Nilidhani anatoa huzuni. Sikumuuliza, kwa kuwa mwenye kosa hapendi maswali.

Jumapili moja ya mwisho wa Agosti, baada ya ibada, nikampelekea viazi. Nilimkuta anaupiga mpira ukutani mwa darasa, unarudi, anaupokea kwa mguu wa kushoto, anageuka. Anaupiga tena, anaupokea kwa kushoto, anageuka. Nilisimama pale muda wa kutosha kusoma hukumu fupi, na hakufanya kitu kingine.

Nilimuuliza anafanya nini. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyefumaniwa, akanieleza. Katika zile dakika zake ishirini kulikuwa na mpira mmoja. Rabson, beki wetu wa kulia, alimpigia pasi nzuri, yeye akaupokea kwa kushoto ukamtoka, ukaenda nje. Alipoinua macho, mzee alikuwa anamtazama yeye. Amelirudia jambo hilo kichwani tangu siku ile. Mzee hakuona kingine kwake, aliuona mguu ule, na mtu anayenunua hawezi kulaumiwa kwa kukataa kitu kibovu.

"Sasa umeanza kukaa vizuri," alisema, akiutazama mguu wake. "Mwezi wa kumi naomba ruhusa kazini. Nitaenda Ubaruku nimwombe aniangalie tena, hata dakika kumi. Mzee anaonekana ni mtu wa haki."

Mimi mpira ule sikuuona. Nilikuwepo uwanjani na sikuuona, na nadhani hata mzee hakuuona.

Nilikaa kwenye ngazi ya darasa na bakuli la viazi mapajani. Ningeweza kunyamaza. Lakini angeenda Ubaruku, angesimama mbele ya mashine ya mpunga na viatu vyake mkononi, na angeyasikia huko, kwa mtu mwingine. Kwa hiyo nilimweleza yote kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikisoma mwenendo wa shauri. Swali la kwanza la mzee na jibu langu. Swali la pili na jibu langu. Nikamweleza ya koridoni, na kwamba alikuwa tayari kuwachukua wale waliokaa nje, kama angewajua. Sikuongeza kwamba nilikuwa nampenda au kwamba nilikuwa na haraka.

Aroni alisikiliza akiwa ameukanyaga mpira.

"Kwa hiyo hakunikataa."

"Hakukukataa. Aliniuliza wa kwetu ni nani, sikukutaja."

Alitazama ukuta, pale ambapo mpira ulikuwa umeacha madoa ya vumbi jekundu, mengi, karibu yote mahali pamoja.

"Bora ungeniacha na ule mguu, mama," alisema. "Mguu ningeurekebisha."